Neno Walilomtwika Mama

Tulipomzika Mama, mchungaji kijana aliyetoka mjini alisimama kando ya jeneza, akafungua mwavuli wake mweusi, akatutangazia kwa kipaza sauti kwamba marehemu hakuwahi ku-backslide hata siku moja. Alilisema neno hilo kwa Kiingereza katikati ya Kiswahili chake, kama watu wa siku hizi wanavyosema, na waombolezaji wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele chini ya turubai, na mvua ilikuwa imeanza kunyeshea magunia ambayo vijana walikuwa wametandika njiani ili wabeba jeneza wasianguke. Gunia likilowa hutoa harufu yake, ya kamba na vumbi na mahindi ya mwaka uliopita. Harufu hiyo iliponifikia nilisahau mwavuli na mchungaji, nikawa mtoto tena kwenye benchi la mlangoni.

Watu wa rika langu, hasa waliokulia kwenye miteremko hii kati ya Nyeri na Mweiga, wanalijua benchi hilo hata kama hawapendi kulitaja. Kanisa letu lilikuwa juu kilimani, nyumba yetu bondeni karibu na mto Chania, na katikati kulikuwa na njia ya udongo mwekundu ambayo wakati wa masika haikumwonea mtu haya. Mabenchi ya kanisani yalikuwa na egemeo, isipokuwa moja la mwisho kabisa, karibu na mlango. Hilo lilikuwa ubao tu juu ya vigingi. Hapo ndipo waumini walipobwaga magunia waliyojifunika vichwani mvua ikinyesha, na hapo ndipo walipokaa watu waliowekwa nyuma. Ukiwekwa nyuma hukufukuzwa. Ulikuja, ulikaa, ulitoa sadaka, lakini Meza ya Bwana ilikupita, na mtoto wako hakubatizwa mpaka usimame mbele ya wote ukiri kosa lako.

Mimi sikujua hayo. Nilichojua ni kwamba Jumapili moja Mama, ambaye siku zote alikaa na akina mama wenye vitambaa vyeupe kule mbele, aliniongoza hadi benchi la mlangoni, akamweka Kariuki mapajani, akatulia. Nilidhani ni kwa sababu ya kifua cha Kariuki. Mdogo wangu huyo alikuwa bado ananyonya na alikuwa na kikohozi kilichoanza ndani kabisa na kumaliza pumzi yake yote, na nilifikiri wazee wametupa mahali penye hewa. Nilifurahi sana. Ukiwa pale unaona nje, unaona mbuzi wa watu wakila maua ya mchungaji, na hakuna anayekufinya ukigeuza shingo. Jirani zetu wa benchi walikuwa mzee mmoja aliyepika pombe ya muratina, msichana aliyekuwa na mimba na hakuwa na mume, na mke wa pili wa mwenye bucha. Niliwaona watu wazuri kuliko wa mbele. Mzee wa muratina alikuwa na njugu mfukoni.

Ilinishangaza tu kwamba wale wenye vitambaa vyeupe hawakumsalimu Mama wakati wa kutoka. Nikasema moyoni wanaogopa kuambukizwa kikohozi.

Lazima nieleze kilichotangulia. Baba alikuwa mkamuaji ng'ombe kwenye shamba moja huko Mweiga na alikuja nyumbani mara chache, kwa hivyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake: Mama, mimi, na Cucu, yaani nyanya yangu mzaa baba. Cucu hakuwa mkristo. Alikuwa na masikio yaliyotobolewa na kuvutwa mpaka karibu na mabega, na aliwaita watu wa kanisani wale wanaoimba wakiwa wamevaa viatu. Kariuki alipewa jina la babu yetu, mume wa Cucu, kama desturi inavyotaka kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Babu aliingia msituni wakati wa kupigania uhuru na hakurudi, na bendera mpya ilipopandishwa bado hakuna aliyejua mifupa yake iko chini ya mti gani.

Kariuki alipougua, Mama alimpeleka hospitali. Akachomwa sindano, akarudi, akaugua tena. Akapelekwa tena, akachomwa tena, na muuguzi akamwambia Mama amfunike vizuri na aombe Mungu. Ndipo Cucu aliposema kwamba jina halijatulia. Mwenye jina amelala porini bila kuzikwa na sasa anahema kupitia kifua cha mtoto. Akaleta mbuzi wake mwenyewe, na akamleta mundu mugo, mganga wa kikwetu, mzee mkimya mwenye kibuyu. Mbuzi alichinjwa nyuma ya nyumba. Nakumbuka majani ya tumboni mwake, mabichi bado, yenye mvuke, yakipakwa polepole kifuani mwa Kariuki, na Mama akiwa amesimama kando, mikono ameifumbata, akitazama ukuta. Hakukubali kwa mdomo. Hakukataa pia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Na Kariuki akapona. Nasema kwamba alipona, sisemi kilichomponya. Alilala usiku kucha, akanyonya, akacheka mwiko ulipoanguka. Mama naye akaanza kuimba jikoni. Halafu wazee wa kanisa wakaja, wakanywa chai yetu yote, wakaongea kwa sauti ya chini, na Jumapili iliyofuata tukakaa mlangoni.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa shule ya Jumapili, Mwalimu Josefu, kijana aliyependa Kiingereza kuliko chakula. Nilimwambia kwa majivuno kwamba sisi tumepewa benchi la hewa. Akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akachukua chaki. Akaliandika ubaoni lile neno, backslide, akalikata katikati kwa mstari. Hiki kipande cha kwanza ni nyuma, akatufundisha. Hiki cha pili ni kuteleza. Mkristo anapanda mlima wa wokovu, akilegea anateleza kurudi alikotoka. Akatugeukia na kutuambia kwamba mama yake Wangui amefanya hivyo, ndiyo maana anakaa pale, na tumwombee. Watoto wote wakanitazama.

Sikubisha. Nilijua maana ya kuteleza kuliko Mwalimu Josefu, aliyekaa mjini Skuta na kuja kwa baiskeli kupitia barabara ya juu. Kwetu kuteleza hakukuwa kosa, ilikuwa ni hali ya hewa. Lakini kama kanisa limeamua kuwa ni kosa, basi dawa yake naijua. Njia ikiwa na utelezi, watu wetu humwaga majivu. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi, kabla Mama hajaamka kuwasha moto, nilizoa majivu ya jana kwenye debe bovu nikayamwaga njiani, kutoka kwenye jiwe la kufulia mpaka karibu na mti wa muiri uliokuwa nusu ya kilima. Niliyatawanya kwa mikono. Yaliingia kwenye macho na kwenye nyufa za vidole. Niliamini kwamba akipanda kilima chote siku ya Jumapili bila kuteleza, wakiona miguu yake mikavu, watamrudisha mbele. Cucu aliniona siku moja nikipanda na debe langu, akaniuliza namfanyia nani barabara. Nikamwambia namfanyia Mama ili wasimwite tena lile neno. Akaenda jikoni, na kesho yake nilikuta majivu yamekusanywa tayari, yamechekechwa, mawe yametolewa.

Miaka mingi baadaye nilipokuwa chuo cha ualimu, na huko ndiko nilikosomea kufundisha hicho Kiingereza chenyewe, nililitafuta neno hilo kwenye kamusi kubwa ya maktaba kama mtu anayemtafuta mwizi wake. Ni neno la ajabu. Waingereza mara nyingi hutanguliza tendo, mwelekeo ukafuata nyuma. Hili limetanguliza mgongo, yaani huko nyuma. Nilifikiri nitagundua kwamba lilitoka kwa wachungaji wa mbuzi au wapasuaji mbao, watu wanaopanda na kushuka milima kwa kazi yao. Wapi. Lilizaliwa kwa wahubiri, karne zile makanisa yao yalipokuwa yakigombana na kunyang'anyana waumini, na tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kumnyooshea mtu kidole. Halikuwahi kukanyaga matope. Nilifunga kamusi nikakaa, nikawa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Mvua za masika ziliposhika mwaka ule wa majivu, kikohozi cha Kariuki kilirudi. Safari hii hakulia. Alikuwa akitazama tu, na mbavu zake zilikuwa zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Hospitali walimpokea, wakamweka, wakamrudisha. Mama akaanza kusema jambo moja, na alilisema akiosha vyombo, akichambua maharagwe, akinifunga vifungo vya sare ya shule. Kabla ya mimi kuzaliwa alikuwa na mtoto mwingine, msichana, aliyefariki wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na Waingereza, walipokuwa wamefungiwa kwenye kijiji chenye mtaro na miba. Mtoto yule hakuwa amebatizwa, kwa hivyo mchungaji hakuja, waimbaji hawakuja. Mama na Baba walimfukia kando ya uzio, askari akiwaharakisha. Hakuna aliyefungua mdomo. Mama alisema hatazika mwingine kimya. Kama Kariuki ni wa kwenda, ataenda na maji kichwani, jina likiwa limetajwa, na watu wakiimba. Hilo tu ndilo alilotaka. Hakuomba hata apone tena, na nilipogundua kwamba ameacha kuomba apone, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Basi Jumapili moja Mama alisimama kukiri. Mchungaji wetu alikuwa mtu wa Taita, mpole, hakujua Kikuyu, na kwa ajili yake kanisa zima lilijikokota na Kiswahili. Mama alipita katikati ya mabenchi, akageuka, akatuangalia. Mimi nilikuwa nimempakata Kariuki.

"Nilikuwa na uoga," Mama alisema. "Nikaacha kuamini. Hiyo natubu mbele yenu."

Mzee Zakaria, mkuu wa wazee, mtu mrefu ambaye koti lake lilinuka dawa ya nondo, alimwambia hiyo ni nusu. Aseme pia ile mbuzi ilikuwa kazi ya shetani, na aliyeileta ametumwa na shetani, ndiyo kanisa lijue ameachana na mambo hayo.

Mama aliinua uso. Nilimwona akitazama juu ya vichwa vyetu, nje ya mlango, kule chini. Aliyeleta mbuzi ndiye aliyeshika mkono wake akizaa, ndiye aliyetafuna viazi na kumtilia Kariuki mdomoni aliposhindwa kunyonya.

"Mtoto yangu alilala," akasema mwishowe. "Siku zile alilala. Hiyo siwezi kutubu, Mzee. Nikisema ati naijutia, nitakuwa nimedanganya ndani ya kanisa."

Akarudi benchi la mlangoni. Mzee wa muratina akasogea kumpa nafasi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili pia, asubuhi ya mvua. Kariuki alikuwa na midomo ya rangi ya zambarau iliyoiva. Mama alimfunga mgongoni kwa shuka, akamfunika na gunia, akatoka bila kuninyoosha nguo wala kusema tunakwenda wapi, nikamfuata. Mlangoni nikasikia Cucu anakuja nyuma yetu na fimbo yake. Yeye ambaye hakuwahi kupanda kilima kile kwa ajili ya kanisa. Mama akamwambia, "Maitu, mama yangu, rudi, utaanguka." Cucu akakita fimbo, akapanda.

Majivu yangu yalikuwa yamekwenda na maji. Niliyaona yakitiririka kando ya njia, mstari wa kijivu kwenye maji mekundu, na nikaanza kulia kwa sauti, kwa kuwa nilijua sasa atateleza na wataona. Na kweli aliteleza. Alikuwa amefika karibu na mti wa muiri, akapoteza miguu yote miwili, akaanguka kwa magoti na viganja ili asiangukie mgongo, na utelezi ukamrudisha chini akiwa amelala kifudifudi, akikwaruza udongo kwa kucha. Kariuki hakulia hata kidogo. Mama akainuka, akapanda, akarudishwa tena. Mara ya tatu alikaa tu pale kwenye matope na kusema siwezi, siwezi, Mungu wangu mimi siwezi.

Cucu akaja akasimama nyuma yake. Akauweka mguu wake mtupu kwa upande, mguu ule mkavu wa kizee, akaukita udongoni chini ya kisigino cha Mama. Wanawake wetu walifanya hivyo walipopandisha kuni kutoka mtoni: aliye nyuma humwekea wa mbele mguu, uwe ngazi. Akamwambia, "Kanyaga." Mama akakanyaga. Cucu akahama, akaweka tena. Akanionyesha kwa fimbo nami niweke wangu nyuma ya wake. Hivyo ndivyo tulivyopanda, kisigino kwa mguu, na uzito wote wa Mama na wa Kariuki ulipitia kwa Cucu ukanifikia mimi, na nikausikia kwenye mifupa.

Ibada ilikuwa imeanza. Mama, kwa mazoea, aliingia akaketi benchi la mlangoni, matope kutoka nywele hadi vidoleni, akamfungua Kariuki na kumweka mapajani. Lakini Cucu hakujua mambo ya mabenchi. Alitembea moja kwa moja mpaka mbele, fimbo ikigonga sakafu, masikio yake yakining'inia, na wimbo ukafa midomoni mwa watu. Akamtazama mchungaji. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha maneno machache.

"Mbuzi ilikuwa yangu," alisema. "Kama iko makosa, weka kwa mimi. Mimi sina kiti hapa. Hakuna mahali mtanirudisha. Huyu mtoto mpatie maji."

Nilimwona mchungaji akishuka hatua moja kutoka mimbarini. Naapa alikuwa anakwenda kwenye lile bakuli la ubatizo. Mzee Zakaria akamshika mkono wa koti. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba wazee hawajaketi, na kwamba kanisa lina utaratibu, tukiuvunja kwa mmoja tutauvunja kwa wote. Waketi kwanza, kidogo tu. Wazee wakainuka mmoja mmoja, wakaingia chumba kidogo kilichokuwa nyuma ya mimbari, mchungaji naye akaingia, na mlango ukafungwa.

Tuliokuwa nje ya mlango ule tulisubiri. Mvua ilipiga mabati mpaka huwezi kusikia mtu wa karibu. Akina mama wa vitambaa vyeupe walikaa wakitazama mbele. Msichana mwenye mimba alivua sweta lake, akalifunga kwenye miguu ya Kariuki. Mimi nilimshika kidole. Kilikuwa na majivu, kwa sababu changu kilikuwa na majivu. Mama alikuwa akimpulizia usoni pumzi yake mwenyewe, polepole, kama unavyofufua makaa, na kila baada ya kupuliza alisema, Kariuki, ngoja. Wanakuja. Ngoja kidogo. Nami nikasema ngoja. Nilidhani ni mtoto anayeweza kuambiwa.

Alivuta pumzi, kisha sikuona nyingine. Nikamtazama Mama nimwone atakavyofanya. Aliendelea kumpulizia.

Mlango wa chumba kidogo ukafunguliwa. Wazee walitoka, na nyuso zao zilikuwa na amani, nakumbuka hivyo. Mzee Zakaria mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba wameonelea, kwa huruma, mtoto aletwe. Mchungaji alikuwa tayari ameshika bakuli. Hakuna aliyesogea. Akaja yeye, na maji yake, kupitia katikati ya mabenchi, akafika kwetu, akaona.

"Mama Wangui," akasema. "Mama Wangui, tulikuwa tunakuja."

"Mlikuwa mnakuja," Mama akasema. Akamfunika Kariuki na gunia.

Kwa kuwa maji hayakumfikia, hapakuwa na ibada ya mazishi. Baba alikuja kutoka Mweiga na buti zake za mpira za kukamulia, akachimba mwenyewe, chini ya shamba, mahali ambapo mto unasikika. Cucu alikaa juu ya jiwe la kufulia. Nilikuwa nikimtazama Mama kwa sababu nilijua kile alichokuwa amesema kuhusu kuzika kimya, na sasa kimya ndicho hicho, kimekuja na jembe. Uso wake ulikuwa umefungwa kabisa. Baba alipoinua udongo wa kwanza tulisikia watu wakishuka njia kwa shida, wakishikana, wakilaani matope. Walikuwa watu wa benchi la mlangoni. Mzee wa muratina alikuwa amelewa kidogo, msichana alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, mke wa pili wa mwenye bucha alikuwa na viatu mkononi. Walisimama upande wa pili wa shimo. Mzee akavua kofia, akaanza wimbo, akauanza juu mno, sauti ikamkatika, akauanza upya chini. Waliimba vibaya. Walisahau ubeti wa pili wakarudia wa kwanza. Kwenye neno la mwisho Mama alifungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya kuimba, lakini walimngoja mpaka akamaliza, kisha wakaimba tena.

Baada ya mwaka hivi, kanisa lilimrudisha. Hawakumdai akiri tena, na mchungaji wa Taita alikuja mwenyewe hadi nyumbani kumwambia nafasi yake ya mbele iko wazi. Mama alimshukuru, akampa chai. Akamwambia amezoea hewa ya mlangoni. Alikaa kwenye ubao ule maisha yake yote, hata walipojenga kanisa la mawe na kutaka kuutupa, na vizazi viwili vya wachungaji vikamsifu kwa unyenyekevu. Kila aliyewekwa nyuma, katika miaka yote hiyo, alimkuta pale amemwachia nafasi. Alikuwa na njugu mfukoni.

Jambo moja zaidi nililisoma kuhusu lile neno, nikiwa nimestaafu na sina tena wa kumfundisha. Waliotafsiri Maandiko kwa Kiingereza zamani walilitia mahali ambapo nabii anawafananisha watu wake na mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, nao wakamfanya anateleza kurudi nyuma. Wajuzi wa lugha ya awali wanasema mtamba yule hatelezi popote. Amekataa. Amekita miguu, havutiki. Kuteleza waliongeza wao. Nilisoma hapo nikamwona Mama akisimama mbele ya kanisa, akitazama nje ya mlango, akisema hiyo siwezi kutubu.

Tulimzika kando ya Kariuki, kama alivyoagiza, na walioimba walikuwa wengi mpaka mto haukusikika. Kisha watu wakaanza kupanda kurudi barabarani. Magunia yalikuwa yamekwisha kanyagwa yakazama. Mbele yangu alikuwa yule mchungaji kijana, mwavuli mkono mmoja, kipaza sauti mkono mwingine, viatu vyenye ncha, na karibu na kisiki cha ule muiri miguu ikaanza kumkimbia. Nikauweka mguu wangu kwa upande chini ya kisigino chake. Magoti yangu siku hizi si ya kazi hiyo, lakini nikaukita.

"Kanyaga," nikamwambia.

Alikanyaga, akapata uthabiti, akageuza kichwa kunishukuru. "Pole kwa viatu vyako, mwalimu," akasema. "Karibu niteleze."

"Mama aliteleza, mchungaji," nikamwambia. "Hapa hapa. Nilikuwa nyuma yake. Alikuwa anapanda."

Nikahamisha mguu, nikauweka tena, naye akakanyaga.